Sababu za Kuhama

Fomu inauliza: kwa nini unataka kuhama?
Jibu kwa maneno yasiyozidi mia sita na hamsini.
Nje theluji ya Chikago inaanguka kimshazari,
ziwa limeganda hadi pale macho yanapochoka,
na mimi, Nestani, binti wa mfamasia wa Kutaisi,
nahesabu maneno kama mama anavyohesabu vidonge,
kwa ncha ya kisu, viwili viwili.

Rasimu ya kwanza niliandika ukweli.
Niliandika: hapa hapana baya.
Maktaba haifungwi, supu ni ya moto,
maprofesa hulitamka jina langu karibu sawa.
Siku ya kwanza walinikaribisha,
ya pili wakanikaribisha tena,
ya tatu hakuna aliyenipa jembe.
Mwaka na nusu, na ningali mgeni:
nashukuru, natabasamu,
nakunja leso yangu vizuri nikimaliza kula.
Maneno tisini na moja.
Nikafuta.

Rasimu ya pili iliandikwa na mtu aliyevaa tai.
Alimtaja Profesa Vandermolen wa Boston
na maabara yake ya udongo,
akasema "fursa" mara nne, "upeo" mara tatu,
hakulalamika, hakuzizima kwa baridi,
hakuwahi kula peke yake Jumapili.
Nikamsomea Delfina Okerlund, tunayeishi naye chumba kimoja,
amejilaza anatafuna nafaka kavu kutoka kwenye boksi.
Akasema, "Huyu watamchukua.
Simjui, lakini watamchukua."

Chini kabisa ya fomu kuna kisanduku:
Je, utaomba msaada wa ada?
Kidogo hivi, hata punje ya dengu haiingii.
Wenyeji hukitia alama wakapita.
Sisi wa mbali tukikitia,
mlango unaongezwa uzito.
Nilikitia. Mkono ulikuwa wangu.

Mama, kwenye simu, alinyamaza,
kisha: "Hicho ulicho nacho
majirani ndiyo kwanza wamejua kukitamka.
Sasa nianze kuwafundisha kingine?"
Kesho yake akaenda benki kuomba taarifa,
akalipia tafsiri, akalipia mhuri,
akanitumia picha ya risiti bila neno lolote.

Mei wakanichukua.
Nilisoma barua nikiwa chumba cha kufulia,
mashine inazungusha soksi zangu,
na hapakuwa na mtu wa kumwambia
ila soksi.

Masomo kumi na mawili niliyofaulu,
Boston ikapokea saba.
Matano yamebaki ng'ambo hii ya ziwa
kama viatu vilivyosahauliwa uvunguni.
Bwana Halvorsen wa ofisi ya wanafunzi wa kigeni
akanihamisha kwa kubofya mara moja:
"Kuanzia saa sita usiku," alisema,
"serikali itakujua kwa chuo kingine."
Saa sita usiku nilikuwa macho.
Hakuna kilichonijia, hata mwasho.

Delfina alinisaidia kufunga maboksi.
Alikata gundi kwa meno, hakusema kitu
hadi boksi la mwisho, lile la makoti.
"Nilitaka kukuomba uje kwetu kiangazi hiki,
Minesota. Kupalilia viazisukari.
Baba hana mikono ya kutosha,
na wewe hulalamiki."
"Ulitaka kuniomba lini?"
"Tangu Februari. Nikaona unaandika,
unaandika tu."

Agosti, Boston, ngazi za bweni jipya.
Joto la kunata. Nimewekwa kundi moja na wa mwaka wa kwanza,
kadi ya jina shingoni kama ng'ombe wa maonyesho.
Kijana mmoja mwenye madoadoa puani
akalipokea boksi la makoti, akauliza,
"Unatoka wapi?"

Nilikuwa na jibu, nimelitumia miaka miwili:
Kutaisi, ni Georgia, si ile mnayoijua.
Nikafungua kinywa, na ulimi ukasema,
"Chikago."

"Aa," akasema, "kwa hiyo baridi umeizoea,"
na akatangulia kupanda.
Nilibaki na mkono kwenye nguzo ya ngazi.
Kwenye boksi, kwa kalamu nene ya Delfina,
lilikuwa limeandikwa jina langu,
na limeandikwa sawa.